Nyumba Tuliyoiziba Masikio

Mume wangu alikuwa fundi wa jenereta kisiwani Goziba, ndani ya Ziwa Viktoria. Kambi za wavuvi kule zilitegemea mashine zake kwa taa, kwa majokofu ya samaki na kwa kuchaji simu, na yeye aliishi ndani ya muungurumo huo kuliko alivyoishi na mimi. Kibanda alicholala kilipakana na chumba cha mashine, na kilichovitenganisha ni bati tu. Mimi nilibaki Nshambya, pembeni mwa mji wa Bukoba, nikifundisha shule ya msingi na kumlea binti yetu. Yeye alikuja na boti, akakaa siku chache, akaondoka tena. Wanawake wenzangu walinionea huruma. Mimi nilijiambia kwamba ndoa yetu ni ya akiba: tunaiweka, tutaila uzeeni.

Magoti yalipomshinda kupanda na kushuka botini, alirudi moja kwa moja. Nilikuwa nimeshastaafu. Binti yetu alikuwa ameolewa, anaishi na kufanya kazi Dodoma. Nyumba ikawa yetu wawili, na kibanja chetu kidogo nyuma, migomba na mibuni michache. Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Alitengeneza kila kitu kilichoharibika nyumbani: bawaba za milango, bomba la jikoni, hata saa ya ukutani iliyosimama tangu mama yangu akiwa hai. Jioni tulikaa barazani tukinywa chai ya maziwa, akaniambia habari za kisiwani ambazo kwa miaka yote hakuwa amepata muda wa kunisimulia.

Kisha akaanza kulalamika juu ya kelele.

Jirani yetu wa upande wa barabarani ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na milango ya chuma, na mashine yake ya kukatia chuma hupiga yowe ambalo hata mimi halikunifurahisha, ingawa nilikuwa nimelizoea. Ni mtu mwema, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na kila Idi ndiye wa kwanza kuja kutusalimia.

"Mwalimu," mume wangu aliniambia asubuhi moja. Hajawahi kuniita jina lingine. "Huyu jirani hapumziki?"

"Anapumzika, Mzee. Hata sasa hajafungua."

"Mbona nasikia mashine?"

Nilitega sikio. Nilisikia majogoo, na pikipiki ikipanda mlima. "Labda ni ya mbali," nilisema.

Akaja kuwa mtu wa hasira, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa hapati usingizi. Macho yalimwiva. Kila kitu kikawa kosa la mashine ya jirani, na mashine ya jirani ilipozimwa, likawa kosa la pikipiki, la redio ya duka la jirani mwingine, la mvua juu ya bati. Siku moja alivuka ua na kwenda kumwambia fundi, mbele ya wateja wake, kwamba anaua watu kwa kelele. Nilimkimbilia, nikamshika mkono. Fundi alikuwa amevua miwani yake ya kazi, anatutazama kwa mshangao.

"Nisamehe, baba," alimwambia mume wangu. "Nitakuwa naanza saa nne na kufunga alasiri. Itatosha?"

"Itatosha," nilijibu mimi.

Haikutosha. Jirani alitimiza ahadi yake, wateja wakaanza kumlalamikia kwamba anachelewesha kazi, na bado mume wangu aliamka kila asubuhi akiwa amekunja uso, akisema mashine imeunguruma tangu alfajiri.

Ni binti yetu aliyeleta habari ya vioo. Nilimpigia simu nikimlilia, naye akasema ofisini kwao madirisha yana vioo viwili viwili, kioo juu ya kioo na hewa katikati, na barabara kubwa iko chini yao lakini ukifunga dirisha unasikia kalamu ikianguka. "Na baridi haiingii, mama. Nyie na ukungu wenu huo wa ziwani, mngelala kama wafalme."

Baridi ilikuwa kweli tatizo la pili. Madirisha yetu yalikuwa ya zamani, ya vipande vya vioo vilivyolala kama magamba ya samaki, vya kufungua kwa mkono wa chuma. Vipande vingine vilishavunjika, tukaweka maboksi. Asubuhi za mvua upepo wa ziwa ulipita humo kama hakuna ukuta, na magoti yake yalimlilia. Nilipomweleza kuhusu vioo, mume wangu alishika mikono yangu yote miwili.

"Twende tukavione," alisema. "Twende leo."

Karakana ya madirisha ya alumini iko mjini Bukoba, njia ya kuelekea sokoni. Mwenyewe ni mtu wa makamo, mnene, mwenye maneno mengi, na alitupokea kama watu aliokuwa akiwangoja. Alituwekea vioo vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kimoja, kinene kuliko vyote nilivyowahi kushika. "Hiki kinapunguza," alisema, "lakini baridi haikijali." Cha pili kilikuwa viwili vilivyogandishwa pamoja na karatasi ya plastiki katikati, kama vioo vya mbele vya gari. "Hiki kwa kelele ni hodari, na mwizi akikipiga hakimwagiki. Ila kwa baridi, wastani." Cha tatu kilikuwa viwili vilivyoachana, vimefungwa kingo zote, katikati hewa kavu. "Hiki ndicho blanketi. Na kama mnataka kelele ife kabisa, tunafanya kimoja kiwe kinene na kingine chembamba, ili sauti iliyopita hiki ikwame kwenye kile."

"Na tukitaka vyote?" mume wangu aliuliza.

"Basi mzee, nje tunaweka cha plastiki, ndani cha kawaida, katikati hewa. Lakini hicho kitatoka Mwanza, mtasubiri."

Nilimuuliza kama kioo chenyewe kinatosha. Nilikuwa nimezoea kuwauliza watoto maswali ya namna hiyo, na hata kwa fundi sikuweza kujizuia. Alisema hapana. Kioo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mpira wa kuzunguka fremu, na namna dirisha linavyojifunga. Dirisha la kuteleza lina upenyo, sauti itapita. La kufunguka kama mlango hubana vizuri. Na yale matundu ya hewa juu ya madirisha yetu ya zamani yakibaki wazi, kazi yote ni bure.

"Yazibwe," mume wangu alisema.

"Nyumba itapata jasho, mzee. Huku kwetu unyevu ni mwingi."

"Yazibwe."

Halafu fundi akatufanyia jaribio. Alikuwa na sanduku la mbao lenye dirisha dogo la kioo cha tatu upande mmoja. Aliweka simu yake ndani ikiimba muziki kwa sauti ya juu, akafunga. Muziki ulizama. Nilisogeza sikio, nikausikia kwa mbali sana, kama harusi iliyoko ng'ambo ya bonde. Nilicheka kwa furaha. Mume wangu naye aliinama, akaweka sikio kwenye kioo, akafumba macho.

"Unasikia nini, mzee?" fundi aliuliza.

"Mashine."

Fundi alicheka. "Mashine ipi? Umeme umekatika tangu asubuhi, vijana wangu wote wamekaa."

Mume wangu aliinuka taratibu, akaangalia huku na huku katika karakana ile tulivu, akatabasamu kidogo kama mtu aliyetaniwa. Nami nilidhani kweli anatania. Tuliagiza kioo cha Mwanza, kwa madirisha yote, hata la stoo.

Tulipokuwa tukisubiri, alibadilika. Alikuwa na kitu cha kungojea. Alipima fremu mwenyewe ili kuhakikisha fundi hakukosea, akachonga kuta palipohitaji, akaziba matundu ya hewa kwa saruji, moja baada ya jingine, akiwa juu ya ngazi na magoti yake mabovu, akiimba. Nilimshikia ngazi. Aliniambia kwamba kazi ikiisha, atalala mchana na usiku mpaka nimwamshe kwa maji. "Halafu nitakuwa mume mzuri, Mwalimu. Nimekuwa mtu mbaya humu ndani."

"Hujawa mbaya. Umechoka."

"Nimechoka sana, waitu," alisema, na lile neno la heshima la Kihaya, ambalo mtu humwambia mkubwa wake anapomwomba kitu, lilinichoma. Hakuwa na sababu ya kuniomba mimi.

Vioo vilifika vikiwa vimesimamishwa kwenye fremu ya mbao, vimefungwa kwa maturubai. Mafundi walifanya kazi kutoka chumba hadi chumba. Waling'oa yale magamba ya zamani, wakaweka fremu, mpira, gundi nyeupe pembezoni. Dirisha la mwisho lilikuwa la sebuleni, linalotazama kwa jirani. Ilikuwa mchana, na kwa bahati jirani alikuwa kazini. Mashine yake ilikuwa inakata chuma na cheche zinaruka juu ya ua. Fundi mnene aliniita. "Mwalimu, njoo wewe ufunge."

Nilishika mkono wa dirisha, nikausukuma, nikaugeuza chini.

Yowe likafa. Nilimwona jirani akiendelea kukata, niliziona cheche, lakini hakukuwa na sauti, ila mnong'ono kama wa nyuki ndani ya chupa. Pikipiki ilipita barabarani kama kivuli. Joto la miili yetu lilikaa palepale chumbani. Mafundi walipiga makofi. Mimi nilisimama pale nikilia, kwa sababu niliamini kwamba uzee wetu umefika, ule tuliouwekea akiba.

Niliwasindikiza mafundi hadi getini. Niliporudi, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, anatazama sakafu. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Mwalimu," alisema, "nani kaiwasha?"

"Kawasha nini?"

"Mashine. Imewashwa humu ndani."

Nilizima jokofu. Alitikisa kichwa. Nilizima taa, nikaenda hadi kwenye mita, nikashusha swichi kuu. Alikuwa amesimama sasa, ameweka viganja vyake kwenye ukuta, kama alivyozoea kupapasa jenereta kujua wapi inatetemeka. Tulizunguka nyumba yote, yeye akipapasa kuta na mimi nikimfuata. Chumbani. Jikoni. Stoo. Aliinama, akaweka sikio sakafuni. Aliniomba niweke na mimi. Niliweka. Sikusikia kitu chochote, hata kunguru, hata upepo kwenye migomba. Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile.

"Unaisikia?" aliniuliza, na macho yake yalikuwa yananisihi niseme ndiyo.

"Hapana, Mzee."

Alikaa chini palepale kwenye saruji. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni ile ya kisiwani. Ile kubwa ya kijani. Naujua mlio wake. Nimeifungua na kuifunga miaka yote."

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali, na huko wakatupeleka kwa daktari wa masikio. Alimvalisha mume wangu vipokea sauti vikubwa, akamwambia anyooshe kidole kila asikiapo mlio. Niliona daktari akibonyeza, akibonyeza tena, na kidole cha mume wangu kikibaki kwenye goti. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake bila sisi kujua, yeye ambaye tulimdhani ana masikio makali mno.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanafunzi wangu wa zamani, na aliongea kwa upole. Alisema masikio yameumizwa na injini kwa miaka mingi. Kwa watu wengine, sikio lililoumia hujitengenezea mlio wake lenyewe. Mlio hauko nje. Hauna swichi.

"Dawa?" niliuliza.

"Dawa ya kuuondoa hakuna, mama. Wengi huuzoea. Asiwekwe kwenye chumba kimya, mtu akiwa kwenye ukimya anausikia zaidi. Afungue madirisha, asikie ndege, asikie watu. Awashe redio kidogo."

Mume wangu alikuwa anatazama midomo yake. Nilipomgeukia aliuliza, "Amesemaje?" Nami nilimweleza tulipofika nje.

Tulifungua madirisha. Lakini mtu akishajua kwamba adui yumo ndani, kufungua mlango kunamsaidia nini? Kabla ya hapo alikuwa na jirani wa kumchukia, alikuwa na barabara, alikuwa na tumaini kwamba kuna mahali, mbali kidogo, penye utulivu. Vioo vilimwondolea hilo. Aliacha kutengeneza vitu. Aliacha kukaa barazani. Redio aliiweka katikati ya stesheni, ikikoroma mchana kutwa, na alikaa nayo karibu na kichwa. Nilipomwita kula, hakusikia; nilipomgusa bega, alishtuka.

Nyumba nayo ilianza kuoza. Fundi alikuwa amesema kweli kuhusu jasho. Nyuma ya kabati ukuta uliota ukungu mweusi, nguo zangu zikanuka, na asubuhi maji yalitiririka kwenye vile vioo vya gharama kwa upande wa ndani. Nilimwomba jirani yetu anisaidie kutoboa upya matundu ya hewa. Alikuja na nyundo na tindo, akaanza kutoboa. Nilitaka kumwomba msamaha kwa niaba ya mume wangu, nikaanza, akanikatiza. "Mwalimu, usiseme. Nimeshapata eneo kule mjini, nahamisha karakana. Si kwa sababu yenu." Lakini ilikuwa kwa sababu yetu. Wateja walishamzoea mwingine. Alipohama, upande ule wa ua ulibaki nyasi na vipande vya kutu, na mume wangu hakugundua kwamba ameondoka.

Ndugu yake mdogo anaishi Ngenge, huko Muleba, ambako wanalima mpunga. Ana mashine ya kukoboa. Alikuja kututembelea, akamwona kaka yake alivyo, na kabla ya kuondoka aliniita pembeni. "Mulamu," alisema, maana shemeji kwetu huitwa hivyo, "niachie nimchukue kidogo. Hapa atakufa ameketi."

Nilikataa. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu tangu ujana wangu. Lakini mume wangu, aliyekuwa akitazama midomo yetu, alisema, "Kwako kuna mashine, sivyo?"

"Ipo, kaka."

"Nitakwenda."

Nilimfungia nguo zake. Alipopanda gari la mdogo wake hakunitazama, na sikumlaumu. Nadhani aliona aibu kwamba anaondoka kwa hiari yake, yeye ambaye kwa miaka yote aliondoka kwa lazima.

Nilikwenda kumwona mwanzoni mwa mavuno. Nilipanda basi hadi Muleba, kisha gari dogo hadi kijijini. Nilimkuta kwenye banda la kukobolea, ameketi juu ya gunia, vumbi la pumba limemjaa nywele na nyusi. Mashine ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba kifua changu kilitetemeka. Na yeye alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimesahau lile tabasamu. Alinyoosha mkono, akanivuta niketi kando yake. Nilimpigia kelele sikioni: "Hujambo?" Aliitikia kwa kichwa. Akasema kitu, sikukisikia. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mikono yetu imeshikana, hatuwezi kuambiana neno.

Kisha magunia yakaisha, ndugu yake akazima. Niliona uso wa mume wangu ukifungwa, taratibu. Alianza kusugua masikio kwa viganja vyake.

"Rudi nyumbani, Mzee," nilimwambia. "Tutanunua hata mashine yetu."

Alinitazama midomo. "Kwako ni kimya mno, Mwalimu," alisema. "Nisamehe."

Nilimwomba shemeji anitafutie chumba karibu, nikahamia kwa mwezi mmoja. Nilijaribu. Kichwa kiliniuma tangu banda lilipofunguliwa, na jioni, mashine ikilala, mume wangu alikuwa hayupo, yuko na ile yake. Nilirudi Nshambya, nikarudi tena Ngenge, nikarudi. Nauli, basi, vumbi. Binti yetu ananiambia nimwache, baba amechagua. Hajui maana ya neno hilo.

Juzi shemeji alipiga simu. Nyuma yake nilisikia mashine ikiunguruma, ikabidi apaze sauti. Nilimuuliza kaka yake anaendeleaje.

"Yupo hapa, mulamu. Ameketi pale pake. Ila sasa hatabasamu tena. Nimemuuliza jana kwa kumwandikia chini kwenye pumba. Anasema hii yangu haisikii kabisa siku hizi. Anasikia ile nyingine tu."

Nilimwambia asiizime, amwache akae. Kisha nikaenda chumbani kutafuta gauni la safari ambalo halinuki ukungu. Basi la Muleba huondoka asubuhi. Sina la kumpelekea wala la kumwambia ambalo atalisikia, lakini nitakwenda, nitakaa naye juu ya gunia.